Mjumbe Hauawi: Je, Kuwa na Wasiwasi ni Dhambi?

Masomo ya wiki: Mathayo 6:24–34, Mathayo 26:36–46, Wafilipi 4:4–7



Nianze kwa kuungama. Januari moja miaka michache iliyopita, wiki ile ya shule kufunguliwa, nilihubiri kutoka Mathayo 6. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba wasiwasi ni dhambi, kwamba mtu aliyeokoka hana ruhusa ya kukosa usingizi, na kwamba ukiona hofu ndani yako ujue imani yako imetoboka mahali. Kanisa likaitikia amina mpaka mabati yakatetemeka. Hata mimi mwenyewe niliyafurahia mahubiri yangu.

Baada ya ibada, mama mmoja aliningoja mlangoni. Anauza mboga kando ya barabara na analea wajukuu wawili. Alinishika mkono, akaniambia, "Pasta, mimi huamka saa tisa usiku nikaanza kuhesabu. Karo ya huyu mkubwa, kodi ya nyumba, deni la duka. Nahesabu mpaka jogoo awike. Sasa nataka kujua, nimetenda dhambi mara ngapi?"

Nilimjibu tu, "Mama, wewe amini." Akatikisa kichwa kukubali, akasema basi ataongeza siku za kufunga. Nami nilijua vizuri kwamba ana vidonda vya tumbo.

Jambo ambalo sikumwambia ni hili: usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, saa tisa, mimi pia nilikuwa macho. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, nikijumlisha karo ya watoto wangu wawili, nikitoa, nikijumlisha tena, kana kwamba hesabu ingenionea huruma ibadilike. Halafu nikaoga, nikavaa tai, nikaja kumwambia mama wa watu kwamba ni dhambi kuwa kama mimi.

Mama yule aliingia kanisani na mzigo mmoja, akatoka na miwili: karo, na hatia ya kuiogopa karo. Mzigo wa pili niliufunga mimi kwa mikono yangu. Kwa hiyo maneno ya wiki hii ni deni ninalolipa. Nilipaswa kumjibu siku ile pale mlangoni.

Majibu mawili ya haraka

Ukiuliza watu kama wasiwasi ni dhambi, utapata majibu mawili. Wengine watasema ndiyo, Yesu alikataza, mambo yamekwisha. Wengine watasema hapana, hiyo ni hali ya kawaida tu, kila mtu ana stresi siku hizi, maisha yamepanda.

Jibu la kwanza linawafanya watu wafiche. Tazama ushirika wetu wa nyumbani. Tukifika wakati wa mahitaji ya maombi, huyu anasema tumwombee safari, yule anasema tuombee taifa. Hakuna anayesema, "Nimefungiwa nyumba tangu Alhamisi." Kwa nini aseme? Akisema, ataonekana hana imani. Kwa hivyo tunaombea taifa na ndugu yetu analala kwa rafiki.

Jibu la pili nalo linawaacha watu walipo. Ni kweli kila mtu ana wasiwasi. Lakini kuna wasiwasi uliomfanya mtu asemehe deni, na kuna wasiwasi uliomfanya mtu aibe pesa za chama. Huwezi kuviweka vyote kwenye kapu moja useme ni kawaida.

Tuyaache yote mawili kwanza, tufungue Biblia.

Neno moja, njia mbili

Katika Mathayo 6 Yesu anatuambia tusisumbukie chakula, mavazi wala kesho. Katika Wafilipi 4:6 Paulo anarudia katazo hilo hilo. Kwa Kigiriki, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa, wote wawili wanatumia kitenzi kimoja. Mpaka hapo nilikuwa sawa katika mahubiri yangu.

Lakini rudi nyuma sura mbili tu, Wafilipi 2:20. Paulo anamsifu Timotheo kwa sababu hana mwingine anayejishughulisha na hali ya Wafilipi kama yeye. Kitenzi ni kile kile. Nenda 1 Wakorintho 12:25, ambapo viungo vya mwili vinatakiwa vitunzane: kitenzi ni kile kile. Kisha soma 2 Wakorintho 11:28. Paulo ametaja mapigo, mawe, kuvunjikiwa na merikebu na njaa, halafu mwisho anaongeza mzigo unaomlemea kila siku: shughuli ya makanisa yote. Hapo anatumia jina lenye mzizi mmoja na kitenzi hicho hicho. Haombi msamaha kwa kuwa na mzigo huo.

Kumbe mtu mmoja anaweza kukataza jambo, kumsifu kijana wake kwa jambo hilo, na kukiri kwamba analo yeye mwenyewe? Inawezekana, ikiwa linalokatazwa si ule uzito wa moyo wenyewe bali mahali unapoketi ndani yako. Mtu asiye na wasiwasi wowote juu ya watoto wake si lazima awe na imani kubwa. Pengine hawajali tu.

Halafu kuna Gethsemane. Yule yule aliyefundisha juu ya ndege na maua, usiku ule alianza kuhuzunika na kufadhaika sana. Hakujificha. Aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaeleza waziwazi jinsi nafsi yake ilivyolemewa, akawaomba wakeshe naye. Akaomba jambo moja mara tatu. Na Waebrania 4:15 inatuambia alijaribiwa katika mambo yote kama sisi, bila kutenda dhambi. Sasa hesabu mwenyewe. Kama moyo kulemewa ni dhambi, tutasema nini juu ya bustani ile?

Mama yangu, kama unasoma hapa, jibu la swali lako la kwanza ni hili: kuamka kwako saa tisa hakukuwa dhambi hata mara moja.

Basi Yesu alikataza nini?

Siku ile nilianza kusoma mstari wa 25. Nilipaswa kuanza wa 24. Hapo Yesu anasema hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili, na mara moja, kwa sababu hiyo, anaingia katika habari ya kusumbuka. Hayo si mafundisho mawili. Habari ya wasiwasi ni habari ya nani anakaa kwenye kiti cha bwana.

Wazee wetu wanasema mjumbe hauawi. Hofu ni mjumbe. Inabisha mlango ikileta habari: karo haijatimia, mtoto ana homa, kazini wanapunguza watu. Habari yenyewe yaweza kuwa ya kweli kabisa. Ukimuua mjumbe, yaani ukikemea hofu ukajifanya hakuna kitu, habari haifi. Karo bado iko. Lakini pia mjumbe si mwenye nyumba. Ukishapokea habari, humpi kiti chako, humpi funguo, humruhusu aanze kutoa amri.

Hapo ndipo mpaka ulipo, na hapo ndipo kila mmoja wetu ajipime. Usijiulize tu, "Je, naogopa?" Jiulize, "Hofu yangu imeniamuru nifanye nini?"

Imekuamuru udanganye? Umemwambia mkeo mshahara haujaingia, kumbe umeingia ukaisha? Imekuamuru uchukue mkopo wa simu usiku kulipa mkopo mwingine wa simu? Tunajua mwendo wake. Huu unaiva, unakopa kule kuulipa, ada inakatwa hapa na pale, na mwisho wa mwezi unadaiwa zaidi ya ulipoanza, na chakula hukununua. Imekuamuru ubeti? Imekuamuru umchape mtoto kwa sababu amepoteza daftari la shilingi arobaini, na unajua kabisa si daftari? Hata madhabahuni hofu inaweza kutoa amri. Kuna mtu ametoa pesa ya kodi ya nyumba kama sadaka kwa sababu aliogopa, si kwa sababu alipenda. Andiko la 2 Wakorintho 9:7 linasema wazi tusitoe kwa kulazimishwa. Kulazimishwa na hofu ni kulazimishwa pia.

Dhambi iko kwenye kutii. Katika kusikia habari peke yake haimo. Na hili ni gumu zaidi kuliko mahubiri yangu ya Januari, kwa maana mtu anaweza kuhubiri bila kutetemeka hata kidogo, na bado nyumbani kwake hofu ndiyo inayoamua kila kitu.

Kesho haikunyimwa taabu yake

Angalia tena mwisho wa Mathayo 6. Yesu hakuahidi kwamba kesho haitakuwa na taabu. Alisema kila siku ina yake ya kuitosha. Hilo si neno la mtu asiyejua maisha. Anachokataza ni kuikopa taabu ya kesho uibebe leo, wakati nguvu ya kesho hujapewa.

Wana wa Israeli walijifunza hili jangwani, Kutoka 16. Mana ya leo ilikuwa ya leo. Waliojiwekea ya kesho kwa woga waliikuta ina mabuu na inanuka. Lakini usiishie hapo. Siku ya sita waliambiwa waokote maradufu, waweke kwa ajili ya Sabato, na ile haikuoza. Na Yusufu kule Misri aliweka akiba ya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, Mwanzo 41, na Mungu ndiye aliyempa hekima hiyo. Kupanga si kusumbuka. Mwenye kupanga anaishika kesho kwa kalamu, akimaliza anaiweka kalamu chini. Mwenye kusumbuka anaishika kwa meno na hawezi kuiachia hata akilala.

Hata ndege wa angani, mtazame vizuri. Hakai kiotani na mdomo wazi. Asubuhi na mapema ameshatoka kutafuta. Ila jioni ikifika, analala.

Tufanye nini sasa?

Kwanza, ipe jina. Gizani, hofu haina ukubwa. Inajaa chumba chote. Chukua karatasi wakati wa mchana, andika kila kitu kinachokuamsha, na mbele yake andika kiasi au tarehe. Usiandike "pesa". Andika "karo iliyobaki, 6,500, kabla ya tarehe 20." Ukishaandika, weka alama: lipi ni la leo, lipi ni la wiki ijayo, na lipi halimo mikononi mwako kabisa. Paulo anasema tumjulishe Mungu haja zetu. Ni vigumu kumjulisha haja ambayo wewe mwenyewe hujaijua.

Pili, usiku si wakati wa kuamua. Jiwekee sheria nyumbani: baada ya saa tatu usiku hakuna kukopa, hakuna kutuma ujumbe wa hasira kwa mwenye nyumba, hakuna kuacha kazi. Hofu husema "fanya kitu sasa hivi!" Mwambie asante kwa habari, tutaonana asubuhi.

Tatu, usiupuuze mwili. Mungu aliuumba mwili ukiwa na king'ora chake. Ukiona hatari, homoni kama adrenalini zinamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, tumbo linakaza, ili uweze kukimbia simba. Shida ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya simba na ujumbe wa shule. Kwa hivyo unaweza kuomba kwa imani na bado mikono ikatetemeka. Usijihukumu. Keti, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi. Tembea. Punguza chai kali ya usiku. Simu ilale mbali na kitanda.

Kumbuka Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka kushinda pale Karmeli, na bado anakimbia kwa hofu, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwambia aongeze kufunga. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Wale wenye vidonda vya tumbo, wenye kisukari na wajawazito, nawasihi, msifunge ili kulipia hofu zenu. Deni hilo halipo.

Nne, mwambie mtu mmoja. Yesu aliwaambia watatu. Na huko nyumbani kwako, wa kwanza kuambiwa pengine ni yule unayelala naye kitanda kimoja. Wengi wetu tunaamka saa tisa usiku kila mtu na hesabu yake, tumegeukiana migongo.

Tano, kuna wasiwasi ambao umepita kiasi cha mazungumzo. Wiki baada ya wiki huli, hulali, kifua kinabana, au umeanza kufikiri kwamba watu wako wangekuwa afadhali bila wewe. Nenda hospitali, na usiende peke yako. Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa, Wakolosai 4:14. Ukishindwa hata kutoka nyumbani, piga simu 1199, ni laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na haitozwi pesa. Kwenda kwa daktari si kumwacha Mungu.

Na kanisa je?

Katika Gethsemane kuna jambo la kuhuzunisha ambalo tunalipita haraka. Yesu alisema wazi kwamba amelemewa, na wale aliowaambia wakalala.

Wapendwa, tunalala hivyo mara ngapi? Mtu anatuambia shida yake na kabla hajamaliza tumeshamkatiza: "Usijali, Mungu yupo." Ni kweli Mungu yupo. Lakini tunalisema mapema ili tusisikie yaliyobaki. Mara nyingine "usijali" maana yake ni "nyamaza, unanitisha na mimi." Wiki hii mtu akikufungulia moyo, jizuie. Muulize, "Ni kiasi gani? Ni lini? Nani mwingine anajua?" Kisha ombeni.

Amani inayotajwa katika Wafilipi 4:7 inailinda mioyo, na neno lenyewe ni la kiaskari, kama kikosi kinacholinda mji. Paulo aliandika hayo akiwa katika minyororo, na minyororo haikukatika kwa sababu aliandika. Askari wa getini hawaondoi wezi wote mjini. Kazi yao ni kwamba wewe ulale wakati wao wako macho. Tukikesha kwa ajili ya mwenzetu, tunashika zamu katika kikosi hicho.

Nilivyorudi kwa mama

Ilinichukua siku kumi kupata ujasiri. Nilimkuta kwenye kibanda chake akikatakata sukuma wiki. Nikamwambia, "Mama, Jumapili ile nilikukosea. Mimi pia huamka saa tisa." Aliweka kisu chini, akaniangalia, akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe na wewe, Pasta!"

Tukachukua karatasi ya matangazo ya kanisa, tukaandika nyuma yake. Mambo yalikuwa saba. Mawili yalikuwa ya wiki ile. Moja halikuwa lake kabisa, lilikuwa deni la kijana wake mkubwa ambalo alikuwa amelibeba moyoni bila kuombwa. Mzee mmoja wa kanisa alikwenda naye shuleni kuomba alipe kidogo kidogo. Walikubaliwa nusu ya walichoomba. Nusu nyingine ilibaki, na mwezi ule ulikuwa mgumu. Sitaki mtu aseme hapa kwamba bahasha iliangukia mlangoni, kwa maana haikuanguka.

Juzi nilimuuliza kama siku hizi analala. Akasema, "Bado naamka, Pasta. Lakini sasa nikiamka najua ninahesabu nini, nikimaliza namwachia Mungu zamu." Akaniuliza, "Na wewe?"

Nikamwambia kweli. Usiku uliotangulia sikuwa nimelala vizuri. Akasema ataniombea, akauliza ni kiasi gani.

Sala: Baba, unajua tunayohitaji kabla hatujaomba. Tufundishe kusikia hofu bila kuitii. Utupe nguvu za leo kwa taabu ya leo. Wale walio macho usiku huu wakihesabu, uwe nao katika hesabu, na utuamshe sisi tuliolala. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali kwa ushirika wa nyumbani

1. Mwezi huu hofu imekuamuru ufanye nini? Uliitii?
2. Ni jambo gani kwenye orodha yako si la leo, au si lako kabisa?
3. Katika kikundi chetu, mtu akisema amefungiwa nyumba, tutamjibu nini? Amueni leo, kabla hajaja.